Lakiri Haikuguswa

Jumatatu, 8 Machi 1999

"Mwenye dhamana ya miaka saba hahitaji fundi; anahitaji simu tu."

Maneno hayo ni ya Bwana Jamil, mwakilishi wa kampuni ya mitungi ya maji moto hapa Unguja. Yametoka gazetini jana, na juu yake ipo picha yake ameshika mkono wa simu, anacheka.

Tuanze na hiyo simu. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, simu za mtaani kwetu Malindi zinakufa. Waya zimeoza na kila mkaazi anajua. Kwa hiyo dhamana ya Bwana Jamil inafanya kazi wakati wa jua tu.

Tuje kwenye dhamana yenyewe. Tangu mwaka 1996 kampuni hiyo imeuza mitungi yake myeupe karibu kwa kila nyumba ya wageni ya Mji Mkongwe. Mtungi una mfuniko chini, pale fundi anapoingiza mkono kutoa koili ya umeme inayochemsha maji. Mfuniko huo umefungwa kwa waya na lakiri, kidonge cha risasi chenye alama ya kampuni, kama gunia la posta. Akiikata mtu asiyekuwa wa kampuni, dhamana imekufa. Na maji ya Unguja yanapita kwenye mawe ya matumbawe, yanakuja na chokaa. Hakuna mwanamke wa mji huu asiyejua kukwangua ukoko mweupe ndani ya birika lake. Mtungi ule ni birika kubwa, basi. Birika linakwanguliwa kila mwezi, lakini mtungi, kwa fatwa ya Bwana Jamil, ukae miaka saba umefungwa, na ukianza kulalamika upigiwe simu.

Ametuita pia "mafundi wa vichochoroni." Mji huu wote ni vichochoro. Akitaka mafundi wa barabarani, ajenge barabara kwanza.

Mimi nilifunzwa maboila kwa Wajerumani huko Magdeburg miaka mitatu, na nimeyalea maboila ya kiwanda cha serikali mpaka kiwanda kikafa. Sijapata kuona chombo cha moto ambacho usalama wake unatokana na kutofunguliwa.

Jumatano, 10 Machi

Mvua. Hakuna kazi.

Jumamosi, 13 Machi

Wengine wanadhani masika ni msimu wa kulala. Kwetu sisi mafundi wa maji moto ndiyo mavuno. Wageni wanaondoka, nyumba zinafungwa mpaka Juni, wenyewe wanatuita tukwangue mitungi, tubadilishe koili, tujaribu valvu za usalama. Masika yaliyopita nilikuwa nikishuka dari moja napanda nyingine, nywele nyeupe kwa unga wa chokaa kama mwokaji mikate. Mwaka huu spana zangu zimelala ndani ya kanga kuukuu ya mke wangu Asila.

Leo nimeitwa na Bi Rawiya, mjane mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vinane huku huku Malindi. Marehemu mumewe alikuwa rafiki wa kaka yangu, nami namheshimu kama dada mkubwa.

"Thuwaini, hebu panda ukausikilize mtungi wangu. Unakoroma."

Nikapanda. Kweli unakoroma, kama mzee aliyelala chali. Nikatoa spana.

"La, la, la! Usiguse! Nimekwambia usikilize."

"Nisikilize tu? Kwani unaimba taarabu?"

"Una dhamana, baba. Miaka saba. Hata mitatu haijesha."

Akanishusha ukumbini kunionyesha. Karatasi ya dhamana imetiwa fremu ya kioo na kutundikwa ukutani, ubavuni mwa Ayatul Kursiyyu.

"Bi Rawiya, karatasi hii ndiyo itakayokwangua chokaa?"

"Usitafute kukufuru kwa ajili ya spana."

Nilicheka, lakini jambo lenyewe si la kucheka. Binti yake Sheikha, aliyeolewa Dar es Salaam, ana mimba ya kwanza na atakuja kujifungulia kwa mama yake, kama ilivyo ada. Mwisho wa Aprili. Tabia, mkandaji kutoka Jambiani, keshaagizwa. Siku arubaini mzazi atakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na Bi Rawiya hataki seredani mwaka huu. Makaa ya masika yamerowa, yanatoa moshi tu. "Mjukuu wangu hatokohozwa na moshi," kasema. "Maji yatatoka bombani."

Maji hayo yanatoka kwenye ule mtungi unaokoroma. Nimemwambia: kabla Sheikha hajajifungua, mtungi huu lazima ufunguliwe. Kasema atapiga simu.

Ijumaa, 19 Machi

Bi Rawiya kapiga simu mara nne. Mara mbili imekatika, mara moja kaambiwa asubiri, mara ya nne kaambiwa watamleta "fundi aliyeidhinishwa."

Jumapili, 28 Machi

Sikukuu ya Mfunguo Tatu. Tumekaa barazani baada ya sala, akapita Talib kutoa mkono wa Iddi. Talib huyu nimemfundisha mimi. Tulikaa pamoja kwenye boila la kiwanda miaka kumi na mbili, nikamwonyesha namna ya kusikiliza maji kwa kijiti cha mti kilichobanwa menoni. Leo ndiye fundi aliyeidhinishwa. Kavaa fulana ya kampuni mpaka siku ya Iddi.

"Talib," nikamwuliza mbele ya watu, "fulana hiyo walikupa na spana, au spana inauzwa mbali?"

Baraza likaangua kicheko. Mwengine akadakia: "Mwache yakhe, ndiyo nguo yake ya Iddi!"

Talib akacheka naye, lakini masikio yalimwiva. "Iddi mbaraka, kaka Thuwaini," akasema, akenda zake.

Nilifurahi siku nzima. Naandika hapa kwamba nilifurahi.

Jumamosi, 3 Aprili

Talib alikwenda kwa Bi Rawiya jana. Kapanda darini, kaitazama lakiri, kaipiga picha, kagonga mhuri kwenye kijitabu, kateremka. Bi Rawiya kamwuliza: "Na kukoroma?" Kamjibu ataandika ripoti. Kahawa hakunywa.

Huyu ndiye fundi wa simu! Katazama uzi wa kanzu, akasema mgonjwa mzima.

Jumanne, 6 Aprili

Leo tumekutana mafundi kumi na moja nyumbani kwangu. Wote wana hadithi moja: wanaitwa kusikiliza, hawaitwi kufungua. Abrahman wa Kikwajuni kakata lakiri moja kwa ruhusa ya mwenyewe, akatoa ndoo nzima ya chokaa, na mwezi ule ule koili ikaungua kwa sababu nyengine kabisa. Kampuni ikasema fundi wa mtaani kaharibu. Sasa Abrahman hasalimiwi mtaa mzima.

Nikatoa rai. Ikiwa dhamana inatosha, basi ifanye kazi peke yake. Kuanzia leo asiguse mtu mtungi wenye lakiri, hata akiombwa, mpaka wenye nyumba wateremshe karatasi zao ukutani na kukata lakiri wenyewe, mchana, mbele ya watu. Tuone simu ya Jamil itakwangua nini.

Walinipigia makofi. Tukainua mikono tukasoma Fatiha.

Mwenye kuijua Unguja anajua maana yake. Ahadi ya mdomo inaweza kusahauliwa. Iliyosomewa Fatiha imefungwa.

Jumatano, 7 Aprili

Nimeandika gazetini. Ukurasa mzima. Nimemaliza hivi: "Nasi tumeweka lakiri yetu." Nimeusoma mara tatu. Ni mzuri.

Ijumaa, 9 Aprili

Umetoka. Msikitini kila mtu kanishika mkono.

Jumatatu, 12 Aprili

Mvua siku nne. Simu imekufa.

Alkhamisi, 15 Aprili

Talib amekuja nyumbani, mlango wa uani, bila ya fulana. Nilitaka kumwacha amesimama. Asila kamwekea kiti.

"Kaka Thuwaini, mtungi wa Bi Rawiya si mzuri. Unanguruma sasa, haukoromi tena."

"Basi ufungue. Umeidhinishwa."

"Sikuidhinishwa kufungua. Mimi nimeidhinishwa kuangalia lakiri. Nikikuta imekatwa naandika, nikikuta nzima naandika. Kukwangua ni kwa watu wa Dar, nao hawaji mpaka itimie mitungi ishirini kwa safari moja. Toka Novemba nimeripoti kumi na minne."

Nilikuwa sijui hayo. Namwandika hapa kwa haki yake. Nilidhani kauza ufundi wake. Kumbe wamemnyang'anya, wakampa mhuri.

Kisha akasema lililomleta. "Wanatupa koleo ya kubania lakiri, na risasi zake. Wewe kata, kwangua, jaribu valvu, funga. Mimi natia lakiri mpya yenye alama ile ile. Bi Rawiya nshamwambia, karidhia. Saa mbili tu kazi yote. Binti yake yuko njiani."

"Yaani nifanye kazi yangu kama mwizi."

"Ufanye kazi yako."

"Halafu sifa aipate nani? Jamil! Mtungi utatulia, naye ataandika tena: tazameni, dhamana inatosha. La. Karatasi iteremshwe, lakiri ikatwe mchana, mwandishi wa gazeti awepo. Hapo nitapanda."

"Bi Rawiya hawezi, kaka. Ana mitungi mitatu. Akikata mmoja wazi, wanamfutia yote."

"Na mimi siwezi. Nimesoma Fatiha."

Akaikunjakunja kofia yake, akainuka. Talib alipoondoka, Asila akaniuliza, huku anachambua mchele, wala hakuinua uso: "Baba, unataka kushinda au unataka ule mtungi utengenezwe?"

"Vyote viwili."

"Mh," akasema.

Jumapili, 18 Aprili

Sheikha kafika kwa boti ya asubuhi, tumbo mbele. Mungu amfungue salama.

Alkhamisi, 22 Aprili

Tabia amekuja. Sikuwa nimepata kuonana naye. Ni mwanamke mfupi, wa miaka kama hamsini, kafika juzi kutoka Jambiani na mkoba wa ukili na chupa za mafuta ya nazi. Alivua viatu mlangoni ingawa nilimkataza.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Karibu, Bi Tabia."

"Mie sijui lakiri, wala gazeti sisomi. Nimeambiwa wewe ndiye unayeyajua maji yale. Jana nimefungua bomba, likakohoa kwanza, kisha yakatoka. Si ya kawaida yale. Yananitisha."

Nikamwuliza anapimaje moto wa maji. Akanyoosha mikono yote miwili. Ilikuwa laini, mipana, vidole vimenyooka, inang'aa kwa mafuta ya miaka. "Kwa hii. Nayapokea hapa kwanza, ndipo yamfike mzazi. Mikono hii haijamuunguza mzazi hata mmoja, toka mama yangu alivyonifundisha. Huko kwetu wenzangu wanalima mwani. Mie sishiki mwani, chumvi inachuna. Hii ndiyo konde yangu."

Nikamwagiza Asila alete chai. Nikamfafanulia Tabia yote: dhamana, kampuni, ripoti kumi na nne, kwa nini mafundi tumesimama pamoja, kwa nini tukirudi nyuma sasa tumekwisha. Nilisema vizuri. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, chai ikapoa mkononi mwake.

"Kwa hiyo huji," akasema.

"Mwambie Bi Rawiya ateremshe karatasi. Siku hiyo hiyo nakuja, mbio."

"Haya, Fundi. Ahsante kwa chai."

Jumatatu, 26 Aprili

Bi Rawiya hakuiteremsha karatasi. Nami sikupanda.

Alkhamisi, 29 Aprili

Sheikha kajifungua mtoto wa kike. Salama wote. Asila kapeleka uji wa pilipili manga. Anasema mtungi unasikika mpaka ukumbini.

Jumapili, 2 Mei

Saa tatu za asubuhi nilikuwa barazani, ninasoma. Nikasikia ukelele, halafu mwengine, na mtu akinikimbilia kichochoroni akiita "Fundi! Fundi Thuwaini! Maji!"

Nilivyokimbia sikumbuki. Nakumbuka ngazi za Bi Rawiya zilivyojaa mvuke toka orofa ya kwanza, na harufu ya rangi inayoiva. Kitu cha kwanza nilikata umeme. Nikapanda darini na spana, nikaishika valvu ya usalama, ile ambayo kazi yake ni kupumua mtungi ukizidiwa. Ilikuwa imekauka kama jiwe. Nikaipiga na spana, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya tatu ikafunguka, mvuke ukatoka kwa sauti ambayo sijaisikia tangu kiwandani. Valvu haina lakiri. Iko nje ya mfuniko. Siku yoyote ya masika haya ningeweza kupanda nikaigonga hivyo, bila ya kukata chochote wala kuvunja dhamana ya mtu. Haikunijia. Nilikuwa nimeikodolea macho lakiri kama Talib alivyoamrishwa aikodolee.

Nikateremka.

Sheikha alikuwa ukumbini na mwanawe, hawana hata alama, wanalia wote wawili. Bi Rawiya kasimama mlangoni mwa choo kama mtu asiyejua alilolifuata. Tabia kakaa chini kwenye maji yaliyokwisha kupoa, mikono kainyanyua mbele yake, mbali na mwili, kama amebeba kitu cha mtu mwengine.

Ilivyokuwa ni hivi. Sheikha alikuwa ameketi kwenye kigoda akisubiri kukandwa. Tabia akafungua bomba, akaweka mikono chini yake kuyapokea maji, kama anavyofanya siku zote. Bomba likakohoa. Kisha ukaja mvuke, na nyuma yake maji yaliyopita kuchemka, kwa nguvu, na shingo ya bomba ikakatika. Kabla ya kujitoa alipiga kelele, "Toka mwanangu, toka!" mpaka Sheikha akatoka.

Nikamfunga kanga iliyorowa. Tulipomteremsha ngazi kwenda hospitali ndipo alipoufungua mdomo. Si kwa ajili ya maumivu.

"Nani atamkanda jioni?" akauliza.

Jumatatu, 3 Mei

Sikuandika kitu jana baada ya hapo. Leo pia sina.

Jumatano, 5 Mei

Wamekuja! Miezi miwili walishindwa kuja kwa sababu ya mtungi, wamekuja siku ya tatu kwa sababu ya lakiri. Watu wawili wa Dar na Bwana Jamil mwenyewe, viatu vyeupe, mwavuli. Talib nyuma yao na kamera.

Nilikuwepo, nimeitwa na Bi Rawiya. Walipanda, wakainama chini ya mfuniko, wakapiga picha tano.

"Lakiri haikuguswa," akasema Bwana Jamil, na kwa kweli alifurahi. "Hongera, Bi Rawiya. Dhamana yako iko hai. Kesho unapata mtungi mpya, bure kabisa."

"Na Tabia?" akauliza Bi Rawiya.

"Tabia ndiye nani?"

"Aliyeungua."

"Pole sana. Lakini dhamana, Bi mkubwa, ni ya mtungi."

Nikamtaka aufungue mtungi wa zamani pale pale, mbele yetu, tuone ndani. Akasema utafunguliwa Dar na wataalamu. Nikamwambia mimi ni mtaalamu. Akanitazama, akacheka kama alivyocheka gazetini. "Wewe ndiye uliyekataza mafundi wasiguse, au siye? Nimekusoma. Tulikata makala yako, tumeitundika ofisini."

Miaka yote nimejibizana na watu, wakubwa kwa wadogo; leo nikabaki kutazama viatu vyake vyeupe.

Bi Rawiya aliteremka ngazi kuingia ukumbini. Nikasikia kioo kinavunjika. Kaiteremsha ile karatasi.

Jumamosi, 8 Mei

Madaktari wanasema vidole vitabaki, ila havitanyooka.

Jumatano, 12 Mei

Talib kaniletea salamu nifike bandarini Malindi saa nne. Mtungi wa zamani ulikuwa umelazwa kwenye mkokoteni, unasubiri meli ya mizigo. Wachukuzi walikuwa wamejikinga mvua chini ya turubai.

Talib alikuwa amevaa fulana. Akaniamkia, akatoa mkasi wa bati, akaikata lakiri. Hivi hivi, mchana, mbele ya wachukuzi thelathini. Kisha akanyoosha mkono kwangu, nikampa spana. Tulifungua pamoja kama zamani, yeye juu mimi chini.

Mfuniko haukutoka. Tuliupiga. Ulipotoka, koili haikuonekana. Kulikuwa na jabali. Ukoko ulikuwa umeijaza nusu ya mtungi na kumeza kila kitu: koili, na ile themostati inayotakiwa kukata umeme maji yakifika moto wake. Ilikuwa imevikwa chokaa unene wa kiganja. Ingejuaje kwamba maji yanachemka? Ilikuwa imezikwa.

Mchukuzi mmoja, mzee anayeitwa Ame, akasogea akachungulia. "Lo! Hii si birika tu jamani?"

"Ni birika," nikamwambia.

Talib akavunja pande moja la chokaa, kubwa kama dafu. Akavua fulana ya kampuni, akalifungia humo, akanipa. Akabaki na singlendi, mvua inamnyeshea.

"Hilo la gazeti lako," akasema. "Bwana Jamil atapata habari kabla ya adhuhuri. Mie nshaacha."

"Talib. Siku ile ya Iddi..."

"Nlikuwa na spana, kaka. Ilikuwa mfukoni."

Jumanne, 18 Mei

Nimemuuliza imamu wa msikiti wetu juu ya ile Fatiha. Kanijibu bila ya kufungua kitabu: watu wakiahidiana kuacha jambo la kheri, ahadi hiyo haimfungi mtu. Ningemuuliza mwezi wa Aprili angenijibu hivyo hivyo. Sikumuuliza kwa sababu nilijua jibu.

Jumamosi, 22 Mei

Jambiani. Mvua inaanza kuondoka. Nimemkuta Tabia ukumbini kwake, mikono imefungwa vitambaa, bintiye anamlisha. Nilikuwa na maneno tayari. Nilikwenda nayo toka mjini, nikiyapanga.

"Bi Tabia, nimekuja kukuomba radhi."

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Ulinipa chai," akasema.

Bintiye akanikaribisha chakula, nikasema nimekula. Nilipoaga nilinyoosha mkono, kwa mazoea, kisha nikaurudisha. Tabia akauona unavyorudi.

Jumatano, 26 Mei

Mafundi kumi na moja wamekutana tena kwangu, na Talib wa kumi na mbili. Nimewaambia niliyoyafanya, yote, pamoja na lile la valvu. Abrahman akasema, "Sote tuliinua mikono." Nikamwambia rai ilikuwa yangu. Tumeifungua ile Fatiha kwa Fatiha nyengine. Leo hii tumegawana mitaa, na dari ya kwanza tumeshapanda.

Jumatatu, 31 Mei

Wageni wanaanza kufika wiki ijayo. Jana Bwana Jamil ameandika tena. Anasema ajali ya Malindi "haikuhusiana na huduma za kampuni," na kwamba mtungi uliochunguzwa "ulivunjwa lakiri kinyume cha sheria, hivyo hauwezi kuwa ushahidi." Kwa hiyo mtungi uliofungwa hauonekani ndani, na uliofunguliwa hautazamwi. Sijawahi kusoma hoja iliyofungwa vizuri namna hiyo. Hata maji hayapiti.

Nilianza kumjibu. Nikaandika kurasa mbili, kali, nikaziona nzuri, nikazichana. Badala yake nalitoa daftari hili lichapwe kama lilivyo, pamoja na siku ambazo laiti ningezifuta.

Enyi wenye nyumba za wageni wa Malindi, Shangani, Kiponda na Hurumzi: kabla hamjampa mgeni ufunguo wa chumba, pandeni darini wenyewe. Inueni ule mkono mdogo wa valvu. Usipoinuka, kateni umeme, kateni na lakiri, mumwite fundi yeyote mnayemwamini. Karatasi ya ukutani iteremsheni, pale pana aya inayotosha.

Na nyinyi mafundi wenzangu: mkiombwa kwa siri, nendeni kwa siri. Mkiombwa kwa wazi, nendeni kwa wazi. Mtu akija kukwambia maji yanamtisha, usimtilie chai. Chukua spana.

Na wewe, Bwana Jamil. Gari ya Jambiani inaondoka Darajani kila asubuhi. Uliza nyumba ya Tabia mkandaji, hakuna asiyeijua. Ingia, msalimie, mpe mkono. Ngoja mpaka naye akupe wake. Ukishauachia mkono ule, ndipo urudi mjini uandike tena kwamba tunahitaji simu tu.